Kabla ya kutuambia tuwaige Wahindi, tazameni pasipoti zao

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Nakuru aliyetusuta sisi Waafrika tulioko ughaibuni. Anasema tunakaa huku miaka nenda miaka rudi bila hata kioski, ilhali Wahindi waliofurushwa na Idi Amin walishuka Uingereza na sanduku moja moja, leo wana mitaa yao na mtoto wao mmoja amewahi kuwa waziri mkuu. Sababu anayoitoa ni tabia. Wenzetu wana umoja na subira, sisi tuna fitina na anasa. Ushahidi wake ni mji wa Leicester.

Basi mimi ndiko ninakoishi. Tena kila kukicha naingia majumbani mwa hao Wahindi kwa funguo zao wenyewe, kwa hivyo naomba nafasi nimjibu.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Mlangoni pana kijisanduku cha namba. Unabonyeza, unatoa ufunguo, unajifungulia. Una nusu saa ya kumwosha mzee, kumvisha, kumpa dawa, kumchemshia chai na kuandika kwenye simu kwamba yote hayo umeyafanya, kisha mbio kwa mwingine. Dakika za njiani hazilipwi. Kwenye orodha yangu wengi ni Wahindi, na wengi wa hao hawakutoka India. Wametoka Kampala, Jinja, Kisumu, Nairobi, Mombasa, wachache Tanga na Dar es Salaam. Hiyo Belgrave Road anayoisifu msomaji wenu, barabara ya maduka ya Wahindi hapa mjini, ukiitembea utakuta mikahawa inauza muhogo wa kukaanga, wenyewe wameuandika "mogo", na mishkaki, na kuku paka. Mimi mtoto wa Majengo, Mombasa, sikupata shida ya chakula.

Pana bibi mmoja (nimebadilisha mji na mambo mengine madogo, maana kazi hii ina siri zake) aliyeolewa Kisumu na kuondoka huko na watoto wawili. Siku akili yake imetulia tunazungumza Kiingereza, na hakosi kuomba wala kushukuru. Ananiita "beta", mwanangu. Siku maradhi ya kusahau yakimshika, Kiingereza kinamtoka, anabaki na Kigujarati na Kiswahili. Na Kiswahili chake chote ni amri. "Lete maji moto. Hapana hiyo, ile! Kwa nini wewe chelewa? Pesi pesi!" Binti yake, ambaye ni mwalimu, akiwepo huona haya mpaka anatoka chumbani. Mimi namletea maji. Kiswahili hicho nakijua. Marehemu babangu alikuwa mpakizi wa mizigo kwenye duka la vyuma pale Mwembe Tayari, alikisikia kutwa, na jioni akituigizia tukavunjika mbavu. Tajiri wake huyo ndiye aliyelipia hospitali mamangu alipojifungua kwa taabu. Ndiye pia ambaye hakuwahi hata siku moja kumpa babangu kiti akakaa.

Kwa hivyo msomaji wenu asidhani nimetumwa kuwatetea Wahindi. Ninachokataa ni hesabu yake.

Tuanze na hilo sanduku. Ni kweli, Agosti 1972 Amin aliwapa siku 90, na watu wapatao 28,000 wakaja Uingereza wakiwa wameacha maduka, viwanda na nyumba. Lakini walikuwa na pasipoti ya Uingereza. Kuipata na kuitumia pasipoti hiyo ni kisa kirefu, na sisi Wakenya tumo ndani yake.

Baada ya uhuru wa Desemba 1963, Wahindi wa Kenya walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi walisitasita. Wengine waliomba, fomu zikalala ofisini. Mwaka 1967 bunge letu likapitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara: asiye raia alitakiwa awe na kibali cha kazi, na kuna bidhaa na maeneo ambayo hakuruhusiwa kufanyia biashara. Wakaanza kupanda ndege kwa mamia. London ikashtuka. Mwisho wa Februari 1968, serikali ya Harold Wilson, waziri wake wa mambo ya ndani akiwa James Callaghan, ikapitisha sheria mbio mbio, siku tatu tu bungeni. Mwenye pasipoti ya Uingereza aliyetoka makoloni asingeingia tena kwa uhuru isipokuwa yeye, mzazi wake au babu yake awe amezaliwa au amepata uraia ndani ya Uingereza kwenyewe. Rangi haikutajwa popote, na haikuhitaji kutajwa. Mzungu wa Nanyuki alikuwa na babu yake Yorkshire. Patel wa Kisumu babu yake alikuwa Gujarat, India. Waliobaki nje wakagawiwa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia, na asiyekuwa nacho alirushwa kutoka uwanja huu wa ndege hadi ule, pasipoti mkononi, hakuna nchi inayomtaka. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema wazi kwamba kuwatenga watu hao kwa rangi yao kulikuwa kuwadhalilisha.

Wale wa 1972 waliingia kwa sababu Amin hakuwaachia Waingereza pa kukimbilia, na serikali ya Edward Heath ikakubali kwamba watu wale ni wake kisheria. Hata hivyo hawakupokewa kwa vigelegele. Wengi walipitia kambi, nyingi zikiwa kambi kuukuu za jeshi. Na halmashauri ya Leicester, mji huu huu tunaooneshwa leo kama kioo, Septemba 1972 ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije: nyumba hakuna, shule zimejaa. Mzee wangu mmoja hucheka kwamba hakuwa amewahi kuusikia mji huo mpaka aliposoma tangazo.

Walipofika walikuta nini? Viwanda. Leicester ya wakati ule ilikuwa ya soksi, fulana, viatu na mashine, na viwanda vilitaka mikono. Walikuta nyumba za safu upande wa Belgrave ambazo Waingereza walikuwa wakizihama, bei yake inashikika. Na kutoka siku ya kwanza mtu angeweza kufanya kazi popote, kuiacha, kutafuta nyingine, kuleta mke na watoto, kupiga kura. Wengi walikuwa wamesoma Kiingereza shuleni na kuweka vitabu vya hesabu Kampala au Nairobi. Huyu si mtu wa sanduku moja. Ni mtu aliyepoteza mali yake, jambo chungu sana, lakini si sawa na mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Na hiyo subira wanayosifiwa! Mei 1974, katika kiwanda cha taipureta cha Imperial hapa mjini, wafanyakazi Wahindi, wengi wao kutoka kwetu Afrika Mashariki, waligundua kwamba bonasi waliyokuwa wakilipwa baada ya kuunda mashine 200 ilipaswa kuanza kwenye mashine 168. Wakatoka nje. Chama chao cha wafanyakazi kikakataa kuwaunga mkono. Wakagoma vivyo hivyo mpaka Julai, huku National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, ikiandamana mjini kutaka wahamiaji wafukuzwe. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Mzee aliyenisimulia habari hizi bado anajua kwa majina nani alisimama mlangoni na nani alipenya kwenda kazini. Hasalimiani na koo za hao waliopenya hadi leo. Umoja, naam.

Viwanda vilipoendelea kufungwa ndipo maduka yakaongezeka. Mtu aliyekuwa mhasibu Kampala alinyimwa ofisi kwa sababu ya ngozi yake, kiwanda nacho kimekufa, akabaki na kiduka cha magazeti na maziwa, mke kwenye kaunta, watoto wakipanga rafu kabla ya shule. Tunaliita duka hilo dalili ya kipaji. Kwa wengi lilikuwa kazi iliyobaki baada ya nyingine kukataliwa. Wapo waliotajirika, siwezi kukana, nawaona na magari yao. Ila msomaji wenu anaangalia picha za taa za Diwali, mimi naangalia vyumba vya ndani. Namwosha mama ambaye vidole vyake vimepinda kwa cherehani ya kiwandani. Namvisha soksi mzee aliyeendesha basi la mjini mpaka mgongo ukakataa. Nyumba zina ukungu ukutani. Wenye maduka katika wazee wangu ni wa kuhesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki.

Sasa nije kwangu, maana ndiko tunakolinganishwa.

Februari 2022 Uingereza iliruhusu watunza wazee waletwe kutoka nje kwa viza, kwa kuwa ilikuwa imepungukiwa nao vibaya. Machi 2024 serikali ikaongeza sharti: wanaoanza kuja kwa viza hiyo wasilete mke, mume wala mtoto. Mimi nilikuja katikati ya mwaka huo. Mwanangu yuko Kisauni kwa dada yangu. Viza imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini. Huruhusiwi kupokea misaada ya serikali, na mwajiri akipoteza leseni ya udhamini unaandikiwa kwamba una siku 60 za kupata mwingine au uondoke. Mei 2025 serikali mpya ikatangaza nia ya kupandisha muda wa kungoja ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Yaani mtu anacheza mechi na kipenga cha mwisho kinazidi kusogezwa mbele.

Kampuni iliyonileta ilipoteza leseni. Ilikuwa imeleta watu wengi kuliko kazi iliyokuwa nayo. Siku habari zilipotufikia tulisimama kwenye maegesho ya magari nyuma ya ofisi, kila mtu na simu yake, tukilinganisha ujumbe tuliotumiwa kama una maneno yale yale: mimi, Mzimbabwe aliyekuwa mwalimu kwao, Wanaijeria wawili, na binti wa Kerala, India, nesi wa kusomea, ambaye kwa wakala wake alikuwa bado na deni. Huyo binti ndiye aliyelia. Nisikilizeni vizuri hapa. Huyo ni Mhindi. Yuko katika mji ambao sensa ya 2021 ilikuta Waasia ni asilimia 43 ya wakazi, Wazungu asilimia 41. Kwa hesabu ya msomaji wenu, umoja wa Wahindi ungemdaka kabla hajaanguka. Mwenye nyumba wake, Mhindi wa zamani wa Nairobi, alimwambia kwamba hawa waliokuja juzi ndio wanaowaharibia wenyeji jina. "Wenyeji" ni yeye. Binti alirudi kwao. Mimi nilipata mwajiri mwingine siku zikiwa zinayoyoma, kupitia Mnaijeria mmoja wa pale maegeshoni.

Nikamfikiria mwenye nyumba yule kwa siku nyingi. Hana chuki ya rangi na binti wa Kerala. Rangi yao moja, na mungu wao pengine mmoja. Kinachowatenganisha ni kitabu kimoja kidogo kwenye droo yake.

Msomaji wenu anajivunia huyo waziri mkuu, Rishi Sunak, na magazeti yetu yaliimba sana Oktoba 2022 kwamba baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Sawa. Hilo katazo la kuleta watoto limetungwa chini ya serikali yake. Mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi ulitangazwa Aprili 2022, waziri wa mambo ya ndani akiwa Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Baadaye ukasukumwa na Suella Braverman, ambaye baba yake alitoka Kenya. Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza iliukataa Novemba 2023, serikali ikatunga sheria ya kuupitisha kwa nguvu, na mwishowe waziri mkuu aliyemfuata Sunak, Keir Starmer, akaufuta Julai 2024. Patel mwenyewe alikubali redioni mwaka 2020 kwamba kwa kanuni mpya alizokuwa akizileta huenda wazazi wake wasingeruhusiwa kuingia. Najua kuna wanaowaita wasaliti. Mimi siwaiti hivyo, kwa kuwa usaliti unadai kwamba kwanza walikuwa wetu. Walikuwa mawaziri wa chama cha Conservative na walifanya ya chama chao. Bibi yangu yule wa Kisumu, akiwa na akili zake, akiwaona kwenye televisheni huniambia nibadilishe stesheni.

Wala uhusiano wetu na Wahindi wa hapa si wa kuandikia shairi. Muuza duka mmoja hunifuata rafu kwa rafu nikichagua mchele. Mwingine akigundua natoka Mombasa ananiuliza kama ile hoteli ya Ngomeni bado inapika mbaazi, na foleni nzima inangoja. Agosti 2024, nikiwa mgeni kabisa, ghasia zilipozuka nchini baada ya watoto kuuawa Southport na uvumi kuenea kwamba muuaji ni mhamiaji, tuliona video za Middlesbrough, vijana wanasimamisha magari na kuuliza dereva kama ni mzungu. Leicester kulitulia, lakini nani angejua? Wiki ile kijana wa kiume wa bibi, mtu mzima wa miaka sitini hivi, alinisubiri nimalize akanipeleka kwa gari hadi nyumba iliyofuata. Njiani alinionesha kona alipopigwa akiwa mtoto wa shule miaka ya sabini, na wenzake wakakimbia. Nilimuuliza kama alipiga kelele. Akasema alipiga, kwa Kiswahili, ili wazungu wasielewe anamwita nani. Tukacheka sana.

Na sisi nyumbani tuna mazoea hayo hayo ya kueleza maisha ya watu kwa damu yao. Nikiwa mtoto Mombasa tulikuwa tukisema Wapemba wa Kilifi na Kwale ni watu wa bahari tu, hawapendi shule, wanajitenga. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa angesajiliwaje mtihani? Mzee asiye na kitambulisho angefungua akaunti ya benki ipi, leseni ya uvuvi angepewa na nani? Wapemba walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023. Wamakonde walilazimika kutoka Kwale kwa miguu kwenda kumwona rais Nairobi mwaka 2016 ndipo wakapewa vitambulisho. Wahindi wenyewe, ambao baadhi ya babu zao walijenga reli tangu 1896, tuliwatangaza kabila la 44 mwaka 2017. Sasa muulizeni Mpemba aliyepata kitambulisho kama bado hapendi shule.

Haya yote nisingeyaandika kama yangekuwa ubishi wa magazetini tu. Barua kama ile ina madhara. Kijana wa Likoni akiisoma anaamini kwamba waliofeli huku walifeli kwa uvivu wao, na kwamba yeye, kwa kuwa si mvivu, atafaulu. Anauza kiwanja cha marehemu babake, anampa wakala. Haulizi mkataba umeandika nini, kwa sababu ameshaambiwa kinachotakiwa ni bidii.

Kwa hivyo, Mhariri, ukipata nafasi kwenye ukurasa huo huo, naomba uchapishe haya kwa herufi zinazosomeka. Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kuiangalia ni bure, na kampuni isiyokuwemo haina ruhusa ya kukuleta. Anayekuja kwa viza ya kazi, akishafika ajiandikishe kupiga kura: Mkenya, kwa kuwa nchi yake imo Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa, na mawakala hawamwambii. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 viza ya kutunza wazee haitolewi tena kwa mtu anayeombea nje ya Uingereza. Anayeiuza Mombasa au Nakuru leo anauza mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni tupu. Dada mmoja wa Kisauni alinipigia juzi, ameshalipa nusu na wakala anamhimiza amalizie kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwambia asimalizie, aende na shahidi akadai alicholipa, na risiti aipige picha kabla ya kuibeba.

Mzaliwa wa Majengo, Mombasa
Leicester, Uingereza